Rimoti za Lile Gari la Bosi

Mmenipa kitenge, mmenipa soda, mmenisomea hotuba ndefu ambayo nusu yake sikuielewa kwa sababu msomaji alikuwa anaongelea puani kama mtangazaji wa vifo redioni. Ahsanteni. Sasa mnasema nieleze kazi nilivyoifanya, ili ninyi mnaobaki mjifunze. Haya. Shule sikwenda, hilo mnalijua, kwa hiyo mimi naongea na Tumaini wa ofisini anaandika. Nimemkataza kuninyooshea maneno. Akimaliza atanisomea yote, na akiongeza neno lake hata moja nitalisikia linavyonukia pafyumu.

Mshahara sitautaja. Kupandishwa cheo sitakutaja pia, maana mtunza funguo apandishwe aende wapi, juu ya bati? Nitasema habari za funguo, na zaidi nitasema habari za rimoti za gari moja, kwa sababu kila mmoja wenu siku hizi akishika rimoti anaibonyeza tu kama anatekenya mtoto. Na nitasema nikiwa nimekasirika. Miaka imepita mingi, hasira haijapoa, na sina haja ipoe.

Niliingia hapa mashineni kufagia pumba. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa moja tu, ua ulikuwa wa matete, na upande wa Katindiuka ulikuwa mashamba matupu. Siku ya kwanza nilifagia mpaka jioni, vumbi la pumba likaniingia shingoni, kwapani, kila mahali pa kuwasha, nikawa najikuna kama mbwa wa sokoni. Mlinzi akaja kuingia zamu yake. Mtu mrefu, mkavu, mwenyeji wa Mofu, jina lake Kasiani. Aliniangalia nikijikuna, akaniambia kesho nisijipake mafuta kabla ya kufagia, vumbi la pumba linapenda mafuta. Hakucheka. Ningekuwa mimi ningecheka.

Kasiani ndiye alikuwa na funguo zote, na ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anaongea polepole, kila neno analiweka chini kama yai: "Dada Skola. Kufuli. Halilazimishwi." Ukililazimisha ufunguo unakatikia ndani, halafu una shida mbili badala ya moja. Wakati wa masika, kila kufuli tone la mafuta ya taa. Mafuta ya kupikia hapana, yanakusanya vumbi yanakuwa uji. Ufunguo ukigoma, usugue na risasi ya penseli. Na kwa vile sikujua kusoma vibao vya milangoni, akaniambia nifunge kila ufunguo kitambaa chake: bluu ghala la mpunga, kitenge chenye jogoo ghala la mchele, kipande cha gunia chumba cha mashine. Mpaka leo mnavitumia vitambaa hivyo, na mpaka leo mnavichanganya.

Macho yake yalipoanza kumsumbua, alimwambia bosi mzee, yule wa kwanza, kwamba funguo zije kwangu na yeye abaki na ulinzi. Sikuomba kazi hiyo. Kasiani alininyang'anya ufagio akanivisha funguo, basi.

Bosi mzee akafa. Mtoto wake, Gaudensi, akaja kutoka Dar es Salaam kurithi. Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi huku kwetu hatujaziona. Tulitegemea atakuja na lori, maana lori letu lilikuwa linakohoa. Yeye akaja na gari jekundu la mbio, milango miwili, tumbo liko chini kama kenge. Njia ya kutoka Kidatu ilikuwa imelikwangua kifua chote. Lilikuwa halibebi hata gunia moja la mchele. Abiria wenyewe wanaingia kama wanavaa suruali. Tukalibatiza jina Kenge, na mwenyewe hakujua.

Lilikuwa halifunguliwi kwa kuzungusha ufunguo. Lilikuwa na rimoti. Kitu cheusi kidogo kama kipande cha sabuni, unabonyeza, gari linasema "twi", taa zinapepesa, milango inalia "klak". Siku aliyonikabidhi hiyo rimoti alinishika bega kama mimi ndiye mgeni wa ua huu. "Mama Skola, hii siyo funguo ya kawaida, oke? Hii ni teknolojia." Teknolojia hiyo aliisema kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Akaniambia ziko mbili, moja yake na moja yangu, na kazi yangu ni kuliwasha Kenge mara kwa mara ili betri isife. Kwa sababu masika yalikuwa yameingia, barabara imekuwa bwawa, gari halitoki tena mpaka kiangazi. Likakaa bandani kwetu. Yeye akawa anaenda Dar na kurudi kwa treni kama binadamu wengine.

Sasa hapa msikilize, hii ndiyo kazi. Rimoti haipendi jasho, kwa hiyo haikai kifuani. Haipendi vumbi la pumba, kwa hiyo haikai mfuko wa nguo ya kazi. Mimi yangu niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, nimeizungushia kitambaa kikavu. Kabla ya hapo niliiweka kopo lililokuwa la sukari, sisimizi wakahamia ndani na ukoo mzima, ikabidi niwafukuze kwa unyoya wa kuku. Betri yake ni bapa kama kifungo cha koti. Ukiitoa angalia kwanza upande gani ulitazama juu, na vile vibati vya ndani vifute kwa raba ya penseli, taratibu, usisugue kama unasugua sufuria. Usiibonyeze bonyeze ukiwa mbali na gari. Ukizidisha, gari linaisahau, na fundi wa kulikumbusha yuko Dar. Na kubwa kuliko yote, rimoti haimjui anayeibonyeza. Kidole, kiwiko, kalio, kwake yote ni mwenye mali.

Mpunga ukaanza kuiva. Vibarua wakajaa uani, watu wa Malinyi, watu wa wapi, kila mtu na mundu wake. Ndipo Kenge likaanza mambo.

Asubuhi nafika nakuta milango haijafungwa. Nafunga. Jioni napita, iko wazi tena. Halafu watu wakaona lenyewe likifanya. Kasiani anaingia zamu jioni, anapita mbele ya banda na tochi yake, gari linasema "twi", linapepesa macho. Asubuhi anatoka zamu, anapita, "twi". Mimi nikipita halisemi. Dereva wa lori akipita halisemi. Mwanzoni vibarua walifanya mzaha, wakasema gari lina adabu, linamwamkia mzee. Wakawa wanasimama pembeni jioni kungoja aamkiwe. Kasiani akawa anapita haraka, kichwa chini. Halikuwa linamfurahisha.

Mama yake bosi, Bi Daria, alikuwa anaishi kwenye nyumba ile ya nyuma, jiko lake limegusana na banda la gari. Bibi wa enzi zake. Mchele wa mashine alikuwa hali. Alisema una ladha ya mkanda. Na msimu ule wa mpunga mchanga alikuwa anatengeneza pepeta mwenyewe: mpunga unakaangwa ungali na maziwa, unatwangwa ukiwa moto mpaka unakuwa bapa. Alfajiri anatwanga, jioni anatwanga, anainama na mchi wake mgongo kama upinde, na hataki msaada. Mkinisikia mimi nikimwigiza mtacheka, alikuwa anavuta maneno kama anavuta kamba kisimani: "Skoooola. Chuma hakiamki peke yake. Chuma kinaamshwa."

Wala hakuwa anatania. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu masika, na yeye sasa akaunganisha. Gari linamsalimia Kasiani kila jioni. Mguu unauma kila jioni. Kasiani ni mtu wa mtoni, mtu wa Mofu, nani anajua ana nini. Akalisema neno hilo kwa vibarua, vibarua wakalibeba kwenda nalo kwao pamoja na ujira. Neno lenyewe ni uchawi, na kwetu mtu akishaambiwa hilo halimtoki kwa maji.

Nilikasirika, lakini kwanza nikajikagua mwenyewe, maana rimoti ilikuwa kwangu. Nikafungua kopo mbele ya watu. Rimoti iko ndani ya kitambaa. Nikaitoa betri nikamkabidhi Bi Daria mkononi akae nayo. Jioni ile Kasiani akapita. "Twi." Vibarua wakaruka nyuma kama wamekanyaga moto. Kilichokuwa mzaha kikafa pale pale.

Bosi Gaudensi akashuka na treni. Akaenda kuwasha Kenge, betri ya gari imekwisha kabisa kwa kupepesa taa wiki nzima. Akafoka. Mama yake akamweleza yote, sisi wote tumesimama uani, Kasiani naye amesimama kwenye lango na rungu mkononi. Nikaona niulize lile la kazi yangu, nikauliza kwa sauti.

"Bosi, rimoti za hili gari ni ngapi?"

Alimwangalia mama yake. Halafu akaangalia viatu vyake, vile viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo.

"Mbili," akasema. "Yangu na yako."

"Na yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa Dar, mfukoni kwangu. Sasa unanihoji?"

Basi ikawa imethibitika. Rimoti mbili, moja Dar, moja haina betri, na gari bado linafunguka akipita Kasiani. Bi Daria akasema hakuna maneno mengine, watu wavuke mto wakanyolewe.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi: kwetu mtu akituhumiwa, anapelekwa ng'ambo kwa mganga wa kunyoa. Ananyolewa nywele zote, anapewa dawa, na uchawi kama upo unakufa. Anayetuhumu na anayetuhumiwa wananyolewa wote, na mashahidi pia, ili ugomvi uishe. Ndivyo inavyosemwa. Ukweli ninaoujua mimi, ukirudi na kipara hakuna anayekuuliza kama ulikuwa nao au hukuwa nao. Wanaona kipara.

Nilimfuata Kasiani langoni nikamwambia akatae. Akaniambia akikataa watasema anaogopa dawa, na anayeogopa dawa ndiye. Akaniambia ana wakwe Mofu, ana wajukuu wanaoitwa kwa jina lake, na hana kitu kingine cha kuwaachia zaidi ya hilo jina. Alikuwa anaongea vile vile, yai yai.

Tukapanda lori, tukavuka kwa pantoni: Kasiani, Bi Daria na mimi shahidi mwenye kopo. Bosi alibaki, alisema ana wateja. Kwa mganga kulikuwa na watu wengi wametoka vijiji vingi, wamekaa kwenye foleni kama kliniki. Utaratibu wao, zamu yako ikifika unavua kila ulichojifunga: shanga, hirizi, kamba, unafungua na kila fundo la nguo. Hutakiwi kukaa chini ya wembe ukiwa na kitu kimefungwa.

Kasiani akaitwa kwanza. Alivua mkanda na kofia, akakaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, mimi sikuwahi kujua, maana hakuwahi kuvua kofia zamuni. Zilianguka chini kwenye vumbi kama manyoya ya kuku. Mimi nikafuata, nikanyolewa, nikahisi upepo mahali ambapo sikuwahi kuuhisi.

Zamu ya Bi Daria. Akavua rozari, akavua shanga. Wasaidizi wakamwambia, bibi, bado fundo la kanga. Akang'ang'ana nalo. Wakamwambia tena. Akalifungua lile fundo la kiunoni, pale tunapofungia vitu vyetu sisi wanawake, na kitu cheusi kikaanguka chini. Kikawasha kijitaa chekundu, kikazima.

Watu wote wakarudi nyuma. Mama mmoja akabeba mwanawe akakimbia. Wakasema hirizi, hirizi ya bibi ina jicho. Bi Daria mwenyewe alikuwa anaitazama mdomo wazi, hajawahi kuiona ikiwaka, maana muda wote ilikuwa ndani ya kanga.

Niliijua kabla haijatulia chini. Nikaiokota, nikawaambia watulie, ni kitu cha kufungulia gari. Nikamuuliza Bi Daria kaipata wapi. Akaniambia, na safari hii hakuvuta maneno, kwamba mwanawe alimpa siku nyingi, alisema ni ya akiba, aifiche, asimwambie mtu yeyote wa mashineni, hata mimi. Alikuwa nayo sandukuni. Vibarua walipojaa uani akaogopa wezi, akaifunga kiunoni, na kiunoni amelala nayo, ametwanga nayo. Wala mwanawe hakumwambia inafanya nini. Alijua ni ufunguo ambao hauna meno.

Mnaelewa? Anainama kutwanga pepeta, tumbo linabana fundo, fundo linabana kitufe, na gari liko nyuma ya ukuta wa matete. Alfajiri anatwanga, Kasiani anatoka. Jioni anatwanga, Kasiani anaingia.

Kasiani alikuwa anafuta kichwa kwa kiganja. Akaniuliza, "Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Bosi alisema mbili."

"Alisema mbili."

Akatikisa kichwa, akaanza kuvaa mkanda wake. Wasaidizi walimwambia Bi Daria anaweza kwenda, jambo limejulikana, hakuna haja. Yeye akajikokota na ule mguu wake, akakaa pale pale alipokaa Kasiani, juu ya zile nywele, akasema, "Ninyoe." Kwa hilo mimi nilimsamehe yule bibi. Nilimsamehe yeye peke yake.

Tukarudi vipara vitatu. Bosi alikuwa kibarazani anakunywa chai. Nilimwekea rimoti kwenye sahani ya maandazi. Mnataka kujua alisema nini? Nitawaigizia mpaka siku ya kufa. Alikohoa, akalegeza shingo, akasema: "Sasa Mama Skola, pale uani mbele ya watu, ningemwumbuaje mama yangu? Nilijua itakuwa ni yeye. Lakini nikasema, kunyolewa tu. Nywele zinaota."

Nywele zinaota. Alijua! Alijua pale pale nilipomuuliza, ndiyo maana alimwangalia mama yake. Alituficha rimoti ya tatu kwa sababu hakuniamini mimi na kopo langu, wala hakumwamini mlinzi aliyemlinda baba yake, na aibu ya kusema hivyo ilikuwa nzito kwake kuliko mzee wa watu kuvushwa mto kama mbuzi. Mtu asiyejua ningemwelewa. Huyu alihesabu mbili akijua ni tatu.

Bi Daria alifunga kilemba. Mimi nilifunga kilemba. Kasiani alikuwa mwanaume, hafungi kilemba, na kofia ya ulinzi aliikabidhi jioni ile pamoja na rungu na tochi, akaenda kwao Mofu.

Yaliyofuata nilielezwa na mke wake, alipokuja mjini kuuza samaki. Kipara kilifika Mofu pamoja na neno la vibarua, vikakutana. Wenzake wa kuvua wakawa wana safari ambazo hakuambiwa. Mke akienda kuazima kinu anaambiwa kimepasuka, na huku anasikia kikitwangiwa. Mjukuu wake mmoja, aliyepewa jina la babu, wazazi wake wakaanza kumwita jina la shuleni. Alinieleza hayo huku anapanga samaki, hakulia, na mimi nikamaliza kusikiliza nikaenda moja kwa moja mashineni.

Siku iliyofuata malori ya wateja yalikuwa yamepanga mstari mpaka barabarani. Nikavaa funguo zote shingoni, nikakaa kwenye kizingiti cha ghala. Nikasema hakifunguki kitu. Bosi akaja mbio, akaniambia atanifukuza, akaniambia ataita polisi, akaniambia mama tafadhali. Nikamwambia akaseme Mofu, uani kwa Kasiani, alichoniambia mimi mbele ya yale maandazi. Akasema ataandika barua. Nikamwambia neno halikwenda kwa barua. Akageuka kumtafuta mama yake amsaidie. Bi Daria alikuwa ameshatoka, anachechemea na kigoda chake, akaja akakiweka karibu yangu, akakaa, akavua kilemba mbele ya wateja wote.

Bosi akaomba apewe nafasi abadilishe viatu.

Kenge halikuweza kwenda Mofu, lingezama. Tulipanda tela la trekta, kipande cha mwisho tukaenda kwa miguu kwenye matope ya mbugani, yeye mbele, mimi nyuma kama mchungaji. Kasiani alikuwa anashona wavu. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, kama ukungu. Akatukaribisha, bosi akaamkia shikamoo vizuri kabisa, akakaa, akasema. Alisema yote, rimoti tatu, mama yake, na kwamba alijua. Lakini alisema chini chini, kwa mtu mmoja.

Kasiani akamaliza fundo alilokuwa analifunga. Akasema, "Nimesikia, bosi. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale." Akanyoosha mkono kwenye nyumba ya jirani. "Anza na ile."

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Kila nyumba bosi anasimama uani, anakohoa, anasema, na sauti inamfia. Kila inapomfia naichukua mimi, nairudia kwa sauti yake yeye, ule uheshimiwa wake, "nilijua lakini nikasema nywele zinaota", mpaka watoto wakawa wanatufuata. Watu walicheka. Yeye hakuwahi kujua kwamba anaongea hivyo. Wengine walimpa Kasiani mkono. Wengine walisema wao tangu mwanzo hawakuamini, na hao ndio waliokuwa na vinu vilivyopasuka.

Kwa hiyo mkikabidhiwa ufunguo, rimoti, chochote, kabla hamjashika ulizeni mbele za watu ziko ngapi na nani anazo. Bosi akikasirika, ulizeni tena. Hiyo ndiyo kazi ya kutunza funguo. Kutia makufuli mafuta ya taa ni kazi ndogo ya Jumamosi tu. Kasiani hakurudi kazini, msidhani. Bosi alimwomba na akakataa, alisema hawezi kulinda mali ya mtu anayehesabu hivyo.

Nyumba ya mwisho kule Mofu ilikuwa ya mzee mmoja aliyewahi kuvua na Kasiani miaka mingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, mambo yamekwisha, karibuni chakula. Wakaleta maji tukanawa. Wakaleta ugali na samaki, perege. Sahani kubwa moja, ikawekwa kati ya mwenye nyumba, vijana wake na bosi. Na sahani nyingine ndogo, ikawekwa pembeni, mbele ya Kasiani, peke yake.

Kwetu mtu mwenye neno lile watu hawali naye sahani moja. Mzee yule alikuwa anatazama ugali. Kasiani alikaa na mikono yake yenye maji, haishushi.

Mwanamke kula na wanaume kule si kawaida, walikuwa wameniwekea mkeka jikoni na wenzangu. Nikaja nikakaa karibu na Kasiani, nikamega kwenye sahani yake. Nikamwambia bosi, "Sogea huku." Aliniangalia, akaangalia ile sahani kubwa. Akasogea. Tukala watatu, mkono wake ukigongana na wa Kasiani, mpaka tukafika kwenye miiba.